Nilimpa mzee ujaji wa nyumba yetu Bellevue kwa sababu analala vikaoni, akanishinda kwa kitabu changu mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi huwa msomaji tu wa nyuzi za wenzangu, leo nimeamua niweke ya kwangu. Sijatia chumvi, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Ilikuwa 2011, Johannesburg, mtaa wa Bellevue. Nyumba ya zamani, vyumba vimegawanywa kwa mbao, watu wazima tisa, bafu moja.

Ugomvi wa bafu ulipozidi, mwenye nyumba akatuma ujumbe: andikeni sheria zenu, mtakalokubaliana, nami nimekubali. Yeye anakaa mbali, hataki kelele.

Kazi ya kuandika nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi pale Braamfontein. Muhula ule nilikuwa na somo la serikali na katiba ya Marekani. Mnajua Mbongo akijifunza kitu kipya anavyosumbua watu.

Watu walitaka ratiba ya bafu. Mimi nikawapa kurasa sita.

Kulikuwa na Bunge, yaani wapangaji saba. Kulikuwa na Rais mwenye kura ya veto, yaani mimi. Na kulikuwa na Mahakama, yaani Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa zamu za usiku.

Papa Kasongo nilimteua kwa sababu moja. Vikao vyetu vilikuwa Jumapili mchana, na saa hizo yeye husinzia kwenye kiti. Nikaona huyu hatasumbua. Nikaandika kwamba jaji hatolewi maadamu ana mwenendo mzuri, kama Wamarekani walivyoandika.

Nikaongeza kwamba jambo lisilo na kanuni yetu tutafuata kitabu changu cha somo lile la katiba ya Marekani. Hapo nilikuwa nimechoka kuandika tu.

Sasa, nyuma ya mbao za chumba changu alikaa Mama Odette, Mrundi, fundi cherehani. Karakana aliyokuwa anashonea Doornfontein ilifungwa, akahamishia kazi chumbani. Chumba kile ndicho kilikuwa nyumba, ndicho kilikuwa ofisi. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Cherehani ile ilikuwa ya umeme, na ilinguruma hadi kwenye mto wangu. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu na hakuna kilichokuwa kinaingia kichwani.

Nikapeleka muswada Bungeni: Mama Odette ahame kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kosa la kushona ndani ya nyumba.

Sababu niliyotoa ilikuwa usalama wa nyaya za umeme. Nilizungumzia nyaya kwa dakika ishirini, na sijui chochote kuhusu nyaya.

Sita wakaunga mkono, Mama Odette peke yake akapinga. Nikasaini palepale, na saini yangu niliirefusha kidogo. Yeye akawa anatazama mikono yake.

Hapo Papa Kasongo akafumbua macho.

"Mi niko jaji ama hapana?"

Nikamwambia ndiye.

"Basi lete kitabu. Jumapili ingine nitasema."

Wakuu, mzee alikwenda na kitabu changu lindoni wiki nzima, na kamusi ya Kifaransa juu yake. Mimi wiki hiyo nilisoma kwa notisi za kuazima.

Jumapili akaja na kitabu kimejaa tiketi za basi kila alipoweka alama. Akafungua moja.

"Hapa wanakataza Bunge kutunga sheria ya kumupiga muntu moya kwa jina yake, bila kesi. Tena wanakataza kuazibu kitu muntu alifanya zamani, sheria haiyakuwa bado. Yako iko na yote mbili. Imekufa."

Nikasema, "Papa, hiyo ni ya Wamarekani, siyo ya Bellevue."

Akanionyesha ukurasa wa sita wa kanuni zetu, pale nilipoandika kwa mwandiko wangu kwamba tutafuata kitabu.

Nikajaribu mlango mwingine. Nikaliomba Bunge limwondoe jaji kwa mwenendo mbaya. Wakauliza mwenendo gani. Nikasema analala kikaoni. Mkenya mmoja wa chumba cha mbele akasema, "Bana, si ulimchagua akiwa amelala?" Hoja haikupata hata kura moja.

Kisha Papa Kasongo akasema mshitakiwa hajasikilizwa bado, akampa Mama Odette nafasi. Mama akanigeukia mimi, si jaji.

"Ungeniambia tu, 'Mama Odette, ninasoma.' Ningeacha. Miaka miwili tunapakana ukuta, mbona haukugonga?"

Niliona aibu ya kweli. Nilikuwa nimemtafutia njia ya kufukuzwa mama wa watu kwa mihimili mitatu ya dola, na sikuwahi kunyanyua mkono nigonge mbao.

Nikamwomba msamaha mbele ya Bunge lote. Akasema yameisha, akaenda kupika.

Jioni ile, saa moja kamili, cherehani ikanyamaza. Sikuwa nimeomba. Nikakaa na kitabu wazi mbele yangu, kimya kimetanda, nisisome hata mstari.

Funzo langu: wale waliofunga mikono ya watawala kwa maandishi hawakuwa wanawaza madikteta tu. Walikuwa wanamuwaza mtu wa kawaida kama mimi, mwenye mtihani na jirani.

Wakuu, kuna aliyewahi kuitisha kikao kwa jambo la kugonga mlango tu? Semeni, na mawe yenu nayapokea.