Mbuzi wa Somo la Kupika

Nawaeleza ninyi kwa sababu hamnijui. Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu mpya wa chekechea huku Kitengela, niliwasomea watoto kitabu cha picha ambamo wanyama wanapika pamoja. Sungura anakata vitunguu, mbuzi anakoroga sufuria. Watoto walikipenda sana, nikawaambia, "Kesho kila mtu alete mnyama wake, tuigize." Nilimaanisha wa kuchora au wa kuchezea.

Asubuhi nilimkuta mbuzi amefungwa getini. Bawabu akasema, "Mama Nasieku amemwacha. Amesema ni wa mwalimu."

Nasieku alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi, mgeni kutoka Kakamega, nilikuwa nimesikia kwamba Wamaasai wakikupenda hukupa mbuzi, basi nikajiona nimependwa. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba wazazi wameanza kuthamini kazi yangu. Siku hiyo shule ilikuwa na wageni, akaniuliza kama ningekubali mbuzi achinjwe. Nikakubali kwa madaha, hata nikaagiza supu itiwe pilipili.

Saa nane wageni walikuwa wakinisifu, nami niko na mfupa mkononi, Mama Nasieku alipoingia. Alinisalimia kwa heshima.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua mbuzi wetu. Mtoto alisema mnamhitaji kwa somo la kupika. Amemaliza?"

Mwalimu mkuu aliacha kutafuna. Mama Nasieku akautazama ule mfupa, na kabla sijafungua mdomo, akaanza kuikunja taratibu kamba aliyokuja nayo.