Hakunakama na Mthamini

Mume wangu akikuuzia jeneza utatamani kufa upesi ulale humo. Simsingizii. Ni fundi wa makochi, na kila kinachotoka mikononi mwake hakuna kama hicho mji mzima. Kochi, hakuna kama hili. Stuli ya kuwekea miguu, hakuna kama hii. Siku moja aliletewa kiti kibovu akitengeneze, na mwenyewe alipokuja kukichukua alisifiwa kiti chake mpaka akalipa zaidi ya walivyopatana. Mtaa mzima unamwita Hakunakama, naye anaitika kama jina alilopewa na baba yake.

Ila njoo nyumbani kwa Hakunakama uone. Utakaribishwa mkekani. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini mfinyanzi yule angalau gae alikuwa nalo. Mimi niliolewa kwa ahadi ya seti nzima ya makochi, na kusema kweli ahadi aliitimiza, tena siyo mara moja. Tatizo akishaliingiza kochi ndani, akija mgeni akalisifu kidogo tu, mdomo wa mume wangu unafunguka wenyewe, na mgeni anaondoka nalo. Kaka yangu wa tumbo moja alikuja kunisalimu, akaondoka na kochi alilolikalia. Nikabaki nimesimama mlangoni na chai yake mkononi.

Dukani tuko wawili tu. Ni chumba chembamba kirefu kama treni. Nyuma kabisa yuko yeye na fremu zake, sponji, gundi na misumari mdomoni. Mbele, kwenye dirisha kubwa linalotazama barabara, niko mimi na cherehani yangu, nashona vitambaa vya makochi na mito yake. Nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake nimetandika vipande vya sponji. Ndoo nimeizoea. Ninachokipenda ni lile dirisha. Macho yangu siyo kama ya zamani, na pale mwanga unaniangukia juu ya sindano bila kuombwa. Halafu naona watu wakipita, wananisalimia, nawasengenya kidogo, siku inakwenda. Nikirudishwa kule nyuma, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi sitauona hata nikiambiwa uko wapi.

Sasa mwaka mmoja serikali ya mji ikatangaza kwamba majengo yote ya biashara yatathaminiwa upya. Hesabu zilizokuwapo zilikuwa za zamani mno, na kodi ya biashara inafuata thamani ya jengo, yaani jengo likipangishwa leo lingeweza kuleta pango la kiasi gani. Gari la matangazo lilipita na vipaza sauti vyake mara mbili. Mume wangu alikuwa anagonga misumari, hakusikia kitu. Mimi nilisikia, nikasahau kumwambia, maana nani angedhani watatufikia haraka namna ile.

Asubuhi mthamini alipokuja, mimi nilikuwa nimetoka kwenda kununua uzi. Aliingia kijana nadhifu, futi ya kupimia mkononi, akasema amekuja kupima. Kwa mume wangu, mtu mwenye futi ni mmoja tu hapa duniani: mteja anayetaka kujua kama kochi litaenea sebuleni kwake. Alimpokea kwa mikono miwili. Akamshikia ncha ya futi ukuta hadi ukuta, akamwonyesha dirisha, akamwonyesha wateja watatu waliokuwa wanasubiri. Kijana akamuuliza kwa adabu zote kama mahali hapo pana biashara. Mume wangu akamwambia hakuna kama hapa. Akamuuliza, hivi ukiamua kulipangisha duka hili, watu watalitaka? Akamwambia watatoana macho.

Niliporudi niliwakuta mlangoni wanacheka kama walitahiriwa pamoja. Kijana akaaga, akaenda zake. Nikauliza huyo ni nani.

"Mteja," akasema mume wangu. "Tena mteja makini sana. Kapima mpaka dirisha."

Majibu yalipoletwa nilikaa chini, kwenye ndoo yangu. Thamani ya duka ilikuwa imeruka, na kodi imeruka nayo, zaidi ya mara mbili ya tuliyokuwa tukilipa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba muuza simu wa duka la pili, ukuta kwa ukuta na sisi, yake ilipanda kidogo tu. Na kabla hatujamaliza hata kushangaa, muuza simu huyohuyo akaingia na tabasamu lake. Amesikia tuna mzigo, anataka kutusaidia kama jirani. Atapanga ile sehemu yetu ya mbele, yenye dirisha, aweke kabati la vioo na simu zake. Pango lake litabeba kodi yote, na sisi tutabaki nyuma kwa raha zetu.

Mume wangu akaniangalia, akaangalia chini. Akasema pengine si wazo baya, huko nyuma tutaweka taa nzuri, hakuna kama taa za siku hizi.

Nililia. Nawaambia ukweli, nililia mbele ya muuza simu bila hata kujifunika uso. Halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika nafanya kazi vizuri. Nikamwambia jirani asante sana na kwaheri. Nikamwambia mume wangu kwamba mdomo wake ndio ulioniponza, na mdomo huohuo ndio utakaokwenda kunitoa. Kulikuwa na baraza la rufaa za uthamini. Anayeona jengo lake limepewa thamani isiyo yake, anakwenda kujieleza. Hakunakama alikuwa na kazi moja tu: kwenda mbele ya watu na kusema duka lake ni baya.

Tulianza mazoezi jioni ileile, mkekani. Nikajifanya mimi ndiye baraza. Nikamwambia, haya, sema duka lako lina ubaya gani. Akakohoa. Akanywa maji. Akasema ukuta una ufa. Nikampongeza. Akaongeza kwamba lakini ufa wenyewe umenyooka, ungedhani umepigwa rula. Nikamrudisha mwanzo. Akasema paa linavuja, kisha akasema ila linavujia mahali pamoja tu, haliwasumbui wateja. Ilikuwa kama kumfundisha jogoo kubweka. Tulifika usiku anaweza kusema "duka langu si zuri sana" bila kuongeza kitu, lakini jasho likimtoka, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Siku ya rufaa tulivaa nguo za kwenda kwa watu. Baraza lilikuwa la watu watatu kwenye meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye miwani ya kushusha puani. Pembeni yuko yule kijana wa futi. Mume wangu alipomwona akampungia mkono kama rafiki, nikamkanyaga mguu.

Kijana akaanza kueleza. Akasema sehemu ya mbele ya duka, iliyo karibu na barabara, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko ya nyuma, na kwetu mbele kuna dirisha zuri. Akasema alikuta wateja wamejaa wakati dukani kwa jirani hakukuta mtu. Na mwenye duka mwenyewe alimwambia kwamba likipangishwa watu watatoana macho. Mwenyekiti akashusha miwani, akamuuliza mume wangu kama aliyasema hayo. Mume wangu akasema aliyasema. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Akapewa nafasi ya kujitetea. Akasimama. Akasema duka lake si zuri sana. Nikashusha pumzi. Akasema lina ufa, na paa linavuja. Akatulia hapo kama tulivyopatana, na moyoni nikasema leo nimeolewa na mtu wa maana.

Basi yule kijana, kwa wema wake tu, akataka kumsaidia. Akasema ni kweli, waheshimiwa, jengo limechoka, na sakafu yake ni mbaya, ina mabonde.

Nikaona shingo ya mume wangu inavimba. Akauliza sakafu ipi yenye mabonde, maana sakafu ile aliimwaga yeye mwenyewe kwa mikono yake, na hakuna kama ile barabara nzima. Akatoka kwenye sakafu akaingia kwenye milango. Akatoka kwenye milango akapanda kwenye mbao za dari. Nilimvuta shati, akaunyanyua mkono wangu akauweka pembeni kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Mimi nilikuwa tayari naiona cherehani yangu inabebwa kupelekwa gizani, na muuza simu anafuta vumbi dirishani kwangu.

Mwenyekiti alimwacha aseme mpaka akapungukiwa pumzi. Halafu akamuuliza polepole.

"Baba, kama duka ni zuri hivyo, rufaa ya nini? Na kama ni dirisha na sakafu, jirani yako naye anavyo. Mbona hao wateja hawaendi kwake? Kwako wanafuata nini?"

Mume wangu akafungua mdomo, akaufunga. Mdomo ule naujua, sijawahi kuuona ukijifunga wenyewe. Akageuka akaniangalia, si kwa mapenzi, la, alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeulizwa kitu na jibu limekaa pembeni yake.

"Wanamfuata huyu," akasema. "Mimi napiga misumari, mheshimiwa, na msumari kila mtu anapiga. Fremu zangu baada ya mwaka zinaanza kulia. Mteja hajui, kwa sababu mshono umeshika kila kitu. Wakija wanauliza, yule mama wa dirishani yupo? Akiwa hayupo wanamsubiri. Dirisha la jirani ni kama langu, ila pale hajakaa mtu kama huyu. Hakuna kama yeye."

Sikujua niweke wapi uso. Miaka yote ile neno hilo nilikuwa nalisikia likiambiwa stuli.

Mwenyekiti akaegemea kiti chake, akanong'ona na wenzake. Kisha akamgeukia kijana wa futi. Akamwambia kosa liko wapi sasa ameliona. Kodi hii ni ya jengo, na jengo hupimwa kwa pango ambalo mtu yeyote wa kawaida angekubali kulilipa, siyo kwa ufundi wa aliyemo ndani. Wateja aliowahesabu hawakuletwa na kuta.

"Hapa tunathamini jengo," akasema. "Mke wa mtu hatumthamini. Huyu mama akihama na cherehani yake, kinachobaki pale ni duka kama la jirani, na litozwe kama la jirani."

Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia. Kumbe mwenyekiti hakuwa amemaliza. Akaniangalia juu ya miwani, akauliza, kama kwa udadisi tu, huyo mama anayebeba duka zima anakalia nini. Kijana akafungua karatasi zake, maana alikuwa ameandika kila alichokiona, akasoma kwa sauti: cherehani moja, mbele yake ndoo ya rangi. Chumba kizima kikacheka. Mume wangu peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake mpaka tulipotoka nje.

Njiani nilimpa nafasi aseme mwenyewe. Tulipofika nyumbani nafasi yangu ikaisha, nikamwomba arudie kidogo yale aliyoyasema kule. Akasema yale aliwaambia wao. Nikamwambia asiyekujua hakuthamini, lakini wewe unanijua, baba watoto, ulikuwa unangoja kodi? Akasema ana njaa. Nilimpikia, na nilikuwa na furaha, ila sikumwonyesha.

Kesho yake akaja dirishani na futi. Akaniambia nisimame. Akaniambia nikae. Akapima kutoka sakafuni hadi gotini, akapima mgongo, akaondoka bila kueleza. Nikadhani ana mteja wa kimo changu. Akakaa kule nyuma anapiga randa na kunung'unika, na kitambaa akachukua kile cha bei, cha kijani, akakishona mwenyewe kwa mkono, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Halafu akakileta kiti. Akaipiga ndoo teke ikabingirika, akakiweka kiti mahali pake, akarudi kwenye misumari.

Nilikikalia nusu nusu. Nilishakalia makochi mengi ya mwanamume yule, najua mwisho wake. Nikajiambia kitafika Ijumaa kikizidi.

Hata Alhamisi haikufika. Akaingia mama mmoja mwenye pochi nzito, akaangalia makochi yote akakunja pua, macho yake yakatua pale nilipokaa. Akasema anakitaka hicho. Nikainuka bila kuambiwa, nikaanza kuokota vipande vyangu vya sponji. Mume wangu akaja mbele akifuta mikono, akamwangalia yule mama, akaiangalia pochi. Nikauona mdomo unafunguka.

"Hicho hakifai, mama," akasema. "Kibovu. Mbao mbichi, mshono mbaya, na mguu mmoja mfupi. Ukikalia utaanguka."

Yule mama alimshangaa, maana alikuwa amesikia sifa zake. Mwishowe akachukua stuli mbili ambazo hazikuwa na kifani, akaenda zake. Mume wangu akabaki anapanga misumari ambayo ilikuwa imepangika.

"Baba watoto," nikamwambia, "mguu upi mfupi?"

"Yote minne," akasema, akarudi kwake nyuma.

Nikakaa vizuri, nikavuta kitambaa, nikatunga uzi.