Makochi ya Baba

Harufu ya uji wa ulezi ulioshika chini ya sufuria, ikichanganyika na ya mikojo ya watoto, ndiyo harufu ya mwaka niliokuwa darasa la nne. Tulikaa Bigwa, Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru ikijifunika wingu asubuhi hata kuku wanajua kwamba mvua inakuja. Baba yangu ndiye aliyekuwa hajui lolote. Alikuwa ameachishwa kazi ya usimamizi kiwandani, lakini kila asubuhi alivaa suruali aliyopigiwa pasi na mama, akang'arisha viatu, akaenda stendi ya mabasi ya Msamvu kusoma vichwa vya habari vya magazeti asiyoyanunua. Jioni alirudi akihema. "Kazi nzito siku hizi," alisema. Kazi ya kutazama mabasi! Nami nilimpa pole, kama nilivyofundishwa.

Aliyetulisha ni mama. Alianza kulea mtoto mmoja, Rehema, binti wa jirani yetu aliyeuza mboga sokoni, na kabla mwezi haujaisha walikuwa kumi na mmoja. Aliwaogesha, akawalisha, akawafundisha kuamkia wakubwa, na yote hayo aliyafanya chini ya turubai nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Kwa nini nje? Kwa sababu sebule ilikuwa na makochi. Yalikuwa manne, yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, yakisubiri wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alipenda kusema, na wageni wasije. Tangu aachishwe kazi, mgeni pekee niliyemwona sebuleni ni jamaa aliyefuata ngazi yake aliyotuazima, naye alikaa ukingoni kwa kuwa alikuwa na haraka.

Masika yakaingia. Turubai likavuja, mikeka ikaloa, Rehema akaanza kukohoa. Mama yake akasimama uani na kusema kwa upole uliotutisha kuliko ugomvi, "Mama Vero, mimi sina neno na wewe. Lakini nikimkuta mwanangu ameloa tena, namhamisha. Na wenzangu wamesema hivyohivyo." Watoto wale wakihama, sisi tungelala na njaa, hilo hata mdogo wangu alilijua. Jioni ile mama alimwomba baba sebule mpaka mvua zipite. Baba hakuinua hata macho. "Sebule ndiyo uso wa nyumba," akasema. "Unataka watu waseme nyumba yangu imegeuka choo cha watoto?" Debe tupu haliachi kuvuma. Mama akaitikia, "Haya, Baba Vero," na kwa jibu hilo nikamdharau hata yeye.

Kesho yake wingu lilishuka mpaka kwenye migomba. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nyumbani. Baba alipotokomea na mwavuli wetu wa pekee, mama alijifunga khanga kiunoni, akaniambia, "Shika huku." Tukaanza kuyatoa makochi na kuyapanga nyuma, chini ya lile turubai linalovuja. Nilimsihi amwachie baba japo moja. Nisijipambe: sikumhurumia baba. Niliogopa wenzangu wa shule wangesema kwetu hakuna hata pa kukalia. Mama aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa, kisha akashika kochi la mwisho.

Baba alirudi mapema, mwavuli umepinduka, suruali imemganda miguuni. Akafungua mlango wa sebule. Watoto kumi na mmoja wakasimama juu ya mikeka mikavu, wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo, babaaa!" Sasa, mtu awe na majivuno kiasi gani, shikamoo ya mtoto haijibiwi kwa matusi. "Marahaba," akasema, huku akitafuta kwa macho pa kukaa. Hapakuwepo. Rehema akajisogeza, akapigapiga mkeka kwa kiganja. Basi msimamizi wa kiwanda akakunja magoti yake, akakaa. Mama aligawa uji akianzia kwa watoto, kwa hiyo kikombe cha baba kilikuwa cha kumi na mbili. Akakinywa chote. Hakuna mtoto aliyehama.

Leo malezi yale ya chini ya turubai yamekuwa kituo cha watoto chenye vyumba vitatu, geti na herufi ukutani, na ndicho kilichonisomesha mpaka chuo. Hata wageni sasa wanakuja kweli. Baba, na mvi zake na koti lake, huwapokea kwenye makochi mapya yenye vitambaa vilevile vyeupe, akaanza, "Mimi nilipoanzisha kituo hiki..." Mwezi uliopita nilimsikia kwa masikio yangu. Nikamfuata mama jikoni, nikamuuliza atamwachia mtu aliyemnyima sebule ajitwalie kituo mpaka lini. Mama hakuacha kukoroga uji.

"Mwache, Vero," akasema. "Kila mtoto hapa ana kitu chake cha kuchezea."