Meli Niliyoitukana

Mwanangu, keti nikwambie. Nakumbuka asubuhi moja niliyotoka nyumbani kwetu Lukozi kwa uongo. Nilimwambia baba napeleka kabichi Tanga, kumbe nakwenda Mombasa kuirudia meli niliyokuwa nimeitukana katika kila gulio. Nimekula chumvi nyingi tangu asubuhi hiyo, lakini bado inaniuma.

Nianze nyuma kidogo. Nilipokuwa kijana nilipata kibarua jikoni katika meli ya watalii. Sisi watu wa milimani bahari tulikuwa tunaisikia tu, kwa hiyo siku ya kuondoka ukoo mzima ulikusanyika. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisali, kisha akatia maji kinywani akanipulizia kifuani, kama baba yake alivyomfanyia yeye, wala hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. "Nenda, njia ikufungukie," akasema. Nyumbani kwetu mtu hakwenda mbali bila kuagwa hivyo.

Basi, nikafika. Meli yenyewe ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi juu ya kutu. Nililala chini kabisa, jirani na mashine, nikitapika hata maji. Tena nilikuwa nimevikimbia viazi vya baba, na kazi niliyopewa ikawa kumenya viazi! Mkataba ulipokwisha nilirudi nimekonda, na mdomo ukapona kabla ya mwili. Niliisema meli ile sokoni, msibani, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Nilisema mbuzi wa kwetu hawezi kukubali kulala mle. Watu walicheka, nami nikanogewa, mpaka nikaapa mbele ya baba kwamba sitaikanyaga tena. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila kijana anayechekewa hasikii methali.

Baadaye, viazi vilipokwisha kuvunwa, zikaja habari kwamba meli imerudi Mombasa na mpishi mkuu ananiulizia. Mwanangu, moyo ulinidunda kwa furaha. Ndipo nilipotambua kwamba nimeikumbuka: harufu ya mikate alfajiri, zogo la jikoni, vijana wa mataifa mbalimbali tukifundishana maneno ya utani. Lakini ningemwambia nini baba? Niombe kuagwa tena, kwa ajili ya meli ile ile? Niliona haya kula matapishi yangu mbele za watu.

Nikapakia kabichi kwenye lori.

"Utarudi lini?" baba akaniuliza.

"Keshokutwa, baba, na lori hili hili."

"Haya. Nitakuja kulipokea, tusaidiane mizigo."

Safari ile ya pili ilikuwa njema, na hilo ndilo linalonitesa. Kutu ilikuwa pale pale, mashine zilinguruma vile vile, ila mimi nilikuwa nimeacha kuilinganisha na meli za kwenye picha. Nilihamishiwa kwenye mikate. Siku moja nilipanda juu nikamwona nyangumi, mkubwa kuliko kanisa letu, nikajisemea nitamsimulia baba na atasema ninamdanganya. Kila jambo zuri nililoliona nilimwekea yeye.

Niliporudi nilimkuta dada yangu Anna peke yake uani.

"Shikamoo, dada."

Aliitikia kwa sauti ndogo, akanishika mkono mpaka migombani, akanionyesha kaburi la baba. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuota juu yake. Nililia, mwanangu, sikuona aibu.

Nilipotulia Anna akanieleza. Baba alikwenda kulipokea lori kama alivyoahidi, na dereva akamwambia kwamba nimepanda basi la Mombasa. Tangu hapo, kila siku ya gulio aliendelea kushuka barabarani lori linapoingia, hata kifua kilipombana katika majira ya ukungu. Anna alipomkataza alijibu, "Niache. Siku akirudi asije akadhani nimekasirika."

"Na kuhusu meli alisemaje?" nikauliza.

"Alisema, 'Alidhani nitamcheka? Kijana kubadili mawazo si ajabu. Kinachoniuma ni kwamba amekwenda bila kuagwa, na maji ya kumpulizia yalikuwa humu ndani.'"

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mapema, na tumezeeka pamoja.

Kwa hiyo nisikilize. Siku hizi kijana akichukizwa na kitu anakitangaza kwenye simu kabla ya jioni. Kuchukizwa ni haki yako, nami sikukatazi, ila usiseme mpaka ukajifungia mlango wa kurudi. Na ukitaka kurudi, iwe kazini, chuoni, hata kwa mwenzako uliyemwacha, rudi mchana kweupe, useme, "Nilikosea, nataka kujaribu tena." Watakucheka, ndiyo. Kicheko hakidumu hata msimu mmoja wa karoti. Lakini usiondoke kwa uongo kwa mtu anayekupenda, maana huyo atakungoja mahali ulipomwambia akungoje.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, na pale utakapokosea akupe moyo wa kusema. Uondoke ukiwa umeagwa, na siku ya kurudi uwakute waliokuaga wangali hai, wana nguvu ya kukupokea mizigo.