Tochi ya Katesh na Meno ya Basili

Ilikuwa mwaka 2018. Basili huanza hivyo kila akisimulia habari hii, halafu hukuna kidevu na kujirudi: hapana, 2018 binti yake Loveness alikuwa bado nyumbani, na siku ile nyumbani alibaki mama yake peke yake. Basi ni 2019, masika yalipochelewa. Hapo roho yake hutulia, anaendelea.

Kwa miaka mingi, kijijini kwao upande wa Haydom, ng'ombe akishindwa kuzaa aliitwa Basili. Mungu alimpa mkono mrefu, mwembamba, usio na haraka. Watu walimfuata shambani, walimfuata hata kanisani, wakamnong'oneza sikioni akatoka katikati ya mahubiri, na padri akanyamaza kidogo kumpisha. Hakulipwa. Alipewa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na kiti karibu na moto, na kwa wiki nzima alitajwa kisimani. Hayo yalimtosha kabisa.

Tochi yake ilikuwa ile ndefu ya bati, ya betri kubwa. Alimpa mwenye ng'ombe amshikie, na mwenye ng'ombe, kwa hofu, alimulika dari.

"Mulika huku!" Basili alikuwa akifoka. "Unamtafuta panya?"

Halafu akaja Bura.

Bura alikuwa Mbarabaig wa tambarare za Hanang, aliyeoa huku juu akabaki na mifugo yake. Kama wengi wa rika lake kwao, aling'olewa meno ya mbele ya chini angali mdogo. Alikuwa na tochi ndogo, fupi kama kidole gumba, na tochi hiyo aliiweka pale penye pengo, ikakaa kama imezaliwa humo. Mikono yote miwili ikabaki huru. Alikogeuza uso, mwanga ulikwenda nao. Hakumhitaji mtu wa kumshikia wala hakumfokea mtu.

Watu walianza kumwita Bura. Mara ya kwanza Basili alisema, "Labda hawakunikuta." Mara ya pili alikuwa amekaa mlangoni kwake, anaonekana na kijiji kizima.

Kilichomuudhi zaidi ni adabu ya yule mtu. Walikuwa karibu rika moja, lakini Bura kila walipokutana aliinama kidogo: "Shikamoo, mzee." Basili alijibu marahaba huku akihisi anasukumwa kaburini.

Asubuhi moja mkewe Efrazia alikuwa akimimina uji. "Juzi kwa Gaudensia," akasema, "Bura kamtoa ndama kimya kimya. Gaudensia anasema alikuwa anasokota kamba yake tu, hakuombwa kushika chochote."

Basili aliacha uji wake nusu. Alivaa koti. "Nakwenda Katesh, leo ni mnada. Chumvi ya ng'ombe imekwisha."

"Chumvi ipo nusu gunia, Baba Loveness. Na huyu ng'ombe wetu simpendi alivyosimama leo. Kiwele kimejaa."

"Hazai leo. Mimi ndiye ninayejua ng'ombe wa kuzaa na asiyezaa."

Efrazia alimtazama, akafunika sufuria.

Mnadani Katesh, Basili hakugeukia hata upande wa chumvi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Patriki, muuza redio na waya za simu, akaomba tochi ndogo.

"Ndogo za namna gani, mzee wangu? Hii inachajiwa kwa waya wa simu. Hii ya betri moja, popote utaipata. Hii ina kishikio cha kubana mfukoni. Hii ukibonyeza mara ya pili inapunguza mwanga, ya tatu inakonyeza kama gari la polisi."

"Ya kukonyeza sitaki. Ng'ombe atafikiri ni radi."

Alizipima uzito kiganjani. Jua lilikuwa kali, mwanga hauonekani, kwa hiyo alivua koti, akajifunika nalo kichwa pamoja na tochi, akawasha humo ndani. Watu walisimama kutazama mzee aliyejifunga gizani mchana kweupe. Alipotoka, alifanya jambo ambalo Patriki hakulitarajia: aliiweka tochi mdomoni akaiuma.

"Mzee! Hiyo ni tochi, siyo muwa!"

Basili aliitoa, akaifuta kwa shati, akachukua ya pili. Ya raba ilishikika vizuri, lakini ilikuwa nene, ikampanua taya. Ya plastiki ililia kruu, akaogopa kuivunja. Ya tatu ilikuwa ya chuma, laini, nyeusi, na mwanga wake ulikuwa mweupe mpaka akaona mishipa ya kiganja chake. Ilikuwa ya aina ile ile ya Bura.

"Hii," akasema. "Lakini inateleza. Yule mwenzangu kwake haitelezi."

"Mwenzako nani?"

"Mbarabaig mmoja. Ana pengo hapa chini."

Patriki alicheka mpaka akashika meza. "Basi mzee, tochi ninayo. Pengo siuzi!"

Basili alilipa bila kucheka. Moyoni alijiambia kinachotakiwa ni mazoezi tu. Kwenye gari la kurudi alikaa dirishani akaiuma tochi, akageuza uso huku na huku. Meno yake yalikuwa yote thelathini na mawili, mazima, ya kahawia kama ya watu wote waliokunywa maji ya huku. Kila gari lilipoingia kwenye shimo, tochi ilimponyoka ikaangukia mapajani, na udenda juu.

"Pole, baba," mama mmoja wa Basotu akamwambia. "Jino linauma tangu lini?"

Alifika nyumbani ukungu ukiwa umeanza kushuka, jua bado halijazama. Upande wa nyumba wanakolala ng'ombe ni giza hata mchana, na humo giza lilikuwa limechanwa na mwanga mweupe unaotembea ukutani. Hakuhitaji kuuliza.

Bura alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya ng'ombe mpaka begani, tochi penye pengo. Alimwona Basili, akainamisha kichwa, akanguruma kitu kupitia pembeni ya tochi. Ilikuwa shikamoo.

Efrazia alikuwa ameshika mkia. "Mguu umekunjika nyuma," akasema. "Na tochi yake inakufa."

Kweli, mwanga ulikuwa unageuka wa njano.

Basili alitoa ya kwake mfukoni. Efrazia akazitazama tochi mbili zinazofanana, akamtazama mumewe. Basili alipiga magoti, akakunja mkono wa shati, akaiuma tochi kwa nguvu zake zote. Ng'ombe alijinyonga, Basili akashtuka, tochi ikaanguka kwenye mavi.

"Baba Loveness," Efrazia akasema taratibu, "ishike kwa mkono umulikie mwenzako."

Akamulika. Mzee wa mkono mrefu, ndani ya nyumba yake, ng'ombe wake mwenyewe, akawa mshika tochi. Na mwanga ukapanda darini mara mbili. Alingoja afokewe. Alitamani kabisa afokewe. Bura alisubiri tu mwanga urudi, akaunyoosha ule mguu, akavuta, na ndama jike akateleza chini akipiga chafya.

"Umemulika vizuri, mzee," Bura akasema akifuta mikono. Ulikuwa uongo, wa upole, na ulimchoma Basili kuliko tusi.

Jioni hiyo Bura alikalishwa karibu na moto. Dang'a alipewa katika kikombe cha Basili, cha bluu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa safi. Efrazia akasema ndama aitwe Bura, hata kama ni jike, wakacheka yeye na mgeni.

Mgeni alipoondoka, Basili aliketi akipiga hesabu ya saa kichwani. Kama mkewe alimwita Bura baada ya gari kuondoka, ilikuwa shida tu, mtu huita aliye karibu. Lakini kama alimtumia salamu kabla, wakati yeye bado anafunga vifungo vya koti, basi hata Basili angebaki nyumbani angeitwa mwingine. Alimuuliza Efrazia, naye akachochea moto. Alimuuliza mwaka uliofuata, akaambiwa alete kuni. Siku moja alimuuliza Bura mwenyewe, na Bura akaanza kusifia majani ya malisho. Anauliza mpaka leo, kwa sauti ndogo:

"Hivi, Bura aliitwa kabla sijapanda gari, au baada?"