Kopo Lililokuwa Kiti cha Sekondari

Jumamosi iliyopita nilitoka ghalani ninakofanya kazi, Cheektowaga, nikapitia, kwa kutaka tu, mtaa wa shule yangu ya jioni, ile sekondari kongwe ya matofali hapa Buffalo. Rafiki yangu, nilifunga breki nusura injini ihamie kiti cha nyuma. Madirisha mapya! Mapazia! Kwenye darasa langu la hesabu mtu ameanika taulo. Shule imegeuzwa nyumba za kupangisha.

Nikabaki ndani ya gari, na puani nikasikia harufu ya udongo mbichi. Ilikuwa harufu ya sekondari yangu ya kwanza, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikokulia sisi Warundi.

Ile ilianza bila heshima yoyote. Wazazi waliijenga wenyewe, kuta za udongo na nyasi juu, na upepo ukivuma daftari lako lilifika Burundi kabla yako. Madawati hayakuwepo. Kila mwanafunzi alikuja na kiti chake, yaani kopo la mafuta ya kupikia ya posho, lile la bati lenye maandishi ya Marekani. Asubuhi tulikwenda tukiyapiga, kwang! kwang! kwang!, hata waliolala mwezini waliamka.

Kwetu kopo lilikuwa moja tu, na bibi alilitumia kuchotea maji. Alilisugua kwa majivu, akanikabidhi.

"Likalie mpaka umalize sekondari. Ukinirudishia kabla, utalala nje pamoja nalo."

Watu walitucheka, hasa mama jirani. "We profesa wa makopo! Hiyo ni shule au duka la mafuta?" Bibi alimjibu huku akikoroga mbaazi zake za njano: "Cheka tu, jirani. Wako atakuja kuomba akalie mfuniko."

Na heshima ikaja kweli. Wakaguzi walifika, wakakagua mpaka mijusi ya ukutani, wakakubali kwamba ni shule kamili na tutafanya mtihani wa taifa. Mama jirani akamleta mwanawe, na kopo jipya linalong'aa. Wiki hiyo bibi alitembea kambini kama mke wa rais.

Kisha likatoka tangazo: watu warudi kwao, sekondari ifungwe. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Mwalimu mkuu hakuhutubia. Alisema tu, "Kila mtu abebe kiti chake." Tukarudi kimya, hakuna aliyepiga kopo.

Nikamwambia bibi alichukue kopo, achotee maji tena. Akakataa. "Hiki ni kiti cha shule. Hujamaliza kukikalia."

Basi sisi tulipopata nafasi ya kuhamishiwa Marekani, akakileta, vitenge vyake vimeshindiliwa ndani. Kopo likarudi kwao! Yeye alibaki Louisville kwa shangazi. Mimi nikafuata kazi Buffalo, mchana maboksi, jioni hesabu. Nilipohitimu alikuja kwa basi, akabadili jingine mjini Columbus, kopo mapajani safari nzima. Jina langu lilipoitwa watu walipiga makofi kistaarabu, mara kutoka nyuma: kwang! kwang! kwang! Bibi huyo, na kijiko. Ukumbi mzima uligeuka.

Tulipotoka alipapasa ukuta wa ile shule, akaniuliza taratibu, "Na hii wataifunga lini?"

"Aa, bibi! Hapa ni Marekani."

Akalipachika kopo kwapani, tukaondoka.

Sasa bibi amezikwa Louisville. Kambini, naambiwa, pameota miti, huwezi kujua mlango wetu ulikuwa upande gani. Na hapa mtu ameanika taulo. Binti yangu huniuliza, kwa Kiingereza chake, bati lenye kutu linafanya nini juu ya friji. Namwambia hiyo ndiyo sekondari ya baba. Anacheka, anaenda zake.

Jumamosi ile nilipofika nyumbani nililiteremsha, nikalifuta vumbi, nikalikalia palepale jikoni. Magoti yalinifika masikioni. Nikakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.