Fundi Anayepima Umeme wa Kompyuta Ndani ya Friji Bovu

Saa nane mchana, kipimajoto cha ghala la matikiti nje ya Yuma, Arizona, kinasoma nyuzi 46. Dolores Quihuis, fundi kompyuta wa miaka 51, amepiga goti chini ya meza ya mizani, kiganja nyuma ya kompyuta, akiupima upepo unaotoka.

Wiki nzima kompyuta hiyo imekuwa ikizima saa tisa, na mizani inazima nayo. Matikiti yanalainika, lori linasubiri. Mwenye ghala, Wendell Stagg, amesema wazi: ikizima leo, kesho anamwita fundi wa Phoenix. Ghala hili humpa Dolores nusu ya kazi zake za kiangazi, kwa dola 45 kwa saa.

"Umeshaibadilishia kifaa mara mbili, Lola. Au unaiombea tu?" Stagg anauliza, akimwita Dolores kwa jina lake la mkato.

"Kuomba nimekuachia wewe, bosi. Mimi nimekuja na bisibisi."

Kosa ni lake, na halifichi. Pawa saplai mbili za kwanza, visanduku vinavyoilisha kompyuta umeme, alizipima ofisini kwake penye kiyoyozi. Zikafaulu.

"Kibandiko kinasema wati 500," anaeleza. "Soma maandishi madogo: kwa nyuzi 25. Humu ukiidai zaidi ya 350, inazima. Tena ikichemka inapoteza umeme mwingi zaidi, na unaopotea unageuka joto. Inajipika yenyewe."

Jana alitoa rafu za friji bovu la mama yake, akaingiza pawa saplai moja moja pamoja na draya ya nywele ya kuleta joto, akaiunganisha na balbu za gari zilizo nje ili zinywe umeme wake, akafunga mlango. Tatu zilizima. Ya nne ilihimili nyuzi 52 kwa saa tano. Ndiyo hii iliyo chini ya meza.

Saa tisa. Wapakiaji wameacha maboksi, wanakodolea kioo cha kompyuta.

"Inazima hiyo, dada Lola!" mmoja anachokoza.

"Zima mdomo wako kwanza, Ramona."

Saa tisa na robo. Boksi linapanda mizani: ratili arobaini. Stagg anamwashiria dereva arudishe lori nyuma.

"Na zile kompyuta tano nyingine za ghala?" anamuuliza Dolores.

"Nitazibadilishia zote. Kesho asubuhi."

Dolores anapanga kununua friji bovu la pili. Kuanzia msimu ujao, kila pawa saplai itakayotoka kwake itabandikwa namba aliyoipata mwenyewe kwenye joto.

"Watu wa huku wanahitaji wati za Julai," anasema. "Za ofisini kwangu hazipakii tikiti."